Paneli za Kubeba na Vyombo vya Umeme: Uchambuzi wa Jua la Njiani

Mwishoni mwa Septemba mwaka 2024 pikipiki moja ya umeme aina ya Roam Air, iliyoundwa Nairobi, ilitoka katika mji huo ikashika njia ya kusini, ikakata Tanzania na nchi zilizo mbele yake, na katikati ya Oktoba ikawasili Stellenbosch, karibu na Cape Town, ikiwa imekwenda kilomita zipatazo 6,000 kwa siku 17. Na wenye safari, yaani kampuni ya Roam na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, walikuwa wamejiwekea sharti moja zito, kwamba umeme wote wa kuiendesha utoke katika jua litakalovunwa njiani, pasipo kuomba hata uniti moja katika nguzo za nchi watakazozipita. Sharti lilitimizwa. Habari ilipoenea, wengi katika Afrika Mashariki walioisoma waliingiwa na tamaa iliyo na haki: ikiwa jua tulilo nalo bure, la Januari hata Disemba, laweza kumfikisha mtu kutoka Nairobi hadi ncha ya bara, kitu gani kinachomzuia mwenye bodaboda wa Handeni, au mwenye gari la umeme lililoletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko, kununua paneli zake za kukunja, kuzifunga nyuma ya chombo chake, na kuagana na kituo cha mafuta?

Swali hili lastahili kujibiwa kwa hesabu, maana hadi sasa limejibiwa zaidi kwa mapenzi na chuki. Wauzaji huonyesha picha ya paneli iliyokunjuliwa kandokando ya gari jeupe, waya mmoja umetoka katika paneli ukaingia garini, na jamaa wameketi kivulini wakinywa chai kana kwamba shughuli imekwisha. Na upande wa pili wamo waliojaribu mara moja, wakaona mchana kutwa umepita na gari halikupata hata umeme wa kuwafikisha sokoni, wakakata shauri kwamba habari yote ni udanganyifu. Makundi yote mawili yanaikazia macho paneli, ilhali paneli ni fungu dogo la jambo hili. Jibu hubadilika kwa uzito wa chombo kinacholishwa, kwa saa ambazo chombo hicho hufanya kazi, na kwa mahali ilipo betri yake wakati jua likiwa juu. Na mwenye kuyapima haya matatu ataona kwamba jua lile lile linalomwaibisha mwenye gari laweza kumtajirisha mwenye pikipiki.

Tuanze na jua lenyewe. Juu ya anga, kabla hewa na mawingu hayajachukua sehemu yao, kila mita ya mraba iliyolielekea jua hupokea nguvu ya wati 1,361. Na wakati wa adhuhuri, siku iliyo safi, kiasi kinachofika ardhini ni kama wati 1,000. Kiasi hicho cha wati 1,000 ndicho kilichowekwa na watengenezaji wote duniani kuwa mizani ya kuipimia paneli, nao huongeza sharti la pili, kwamba joto la paneli yenyewe liwe nyuzi 25 za Selsiasi. Basi iliyoandikwa nyuma yake wati 200 hutoa wati 200 chumbani mwa mpimaji, penye taa kali na ubaridi. Lakini itandazwe Tanga mwezi wa Februari, nayo ni nyeusi na jua limeikalia tangu asubuhi, joto lake litafika nyuzi 60 na kupita, na kwa kuwa kila nyuzi moja inayozidi 25 huipunguzia nguvu yake kwa sehemu kama tatu na nusu katika elfu, sehemu 12 katika mia zimekwenda na joto tu kabla hatujataja vumbi, waya, wala wingu. Jua kali, kwa hiyo, halina maana ya umeme mwingi kwa kadiri ile ile, na adhuhuri yenye upepo baada ya mvua huweza kutoa umeme unaoushinda ule wa adhuhuri ya kiangazi.

Wako wanaosema tungoje, maarifa yatazidi, paneli itakuwa na nguvu maradufu. Wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walipoionyesha seli yao ya silikoni mwaka 1954, iligeuza kuwa umeme sehemu 6 tu katika kila sehemu 100 za mwanga ulioiangukia. Leo paneli nzuri ya dukani hugeuza 20 hadi 23. Ni maendeleo makubwa. Walakini mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikwisha kutoa hesabu kwamba seli ya tabaka moja haiwezi, kwa maumbile yake, kupita kama theluthi moja ya mwanga, na hakuna kiwanda kilichoikiuka hesabu hiyo. Anayengoja paneli ya silikoni mara mbili ya hii iliyopo anangoja kitu ambacho maumbile yamekikataa, na ni afadhali tufanye hesabu zetu kwa paneli tuliyo nayo.

Kwa upande wa mahali tulipo, tumepewa fadhila ambayo watu wa kaskazini hawanayo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwake mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba, na kati ya nyakati hizo halikai mbali sana. Kwa hiyo vile vigingi vya kuisimamishia paneli vinavyouzwa pamoja nayo, vilivyokusudiwa nchi ambako jua la kipupwe hupita chini karibu na upeo wa macho, kwetu havina kazi kubwa. Paneli iliyolala karibu sawa na ardhi, ikainuliwa kidogo tu ili maji na vumbi viteremke, huvuna karibu yote yaliyoko. Pwani yetu, kwa wastani wa mwaka, kila mita ya mraba hupokea kama uniti 5 kwa siku, na uniti hapa ni ile ile inunuliwayo kwa LUKU au kwa tokeni, yaani wati 1,000 zikitumika muda wa saa nzima. Dodoma hupata zaidi. Nairobi ya mwezi wa Julai, ambayo huamka na wingu zito hadi saa tano, hupata pungufu.

Aliyepata kukaa na fundi wa sola chini ya minazi ameliona jambo ambalo vitabu hulipitia kwa neno moja. Paneli imetandazwa juu ya mkeka, kipimo kinaonyesha wati 150, na hapana mtu anayeigusa. Alasiri inapoingia, kivuli cha kuti moja, chembamba, kinatambaa juu ya mchanga mpaka kinagusa pembe ya paneli. Jicho linaona kwamba sehemu tisa katika kumi bado zinang'aa, lakini kipimo kimeanguka chini ya nusu. Sababu yake ni kwamba seli zimefungwa mfululizo, umeme wa moja ukipita katika ya pili na ya tatu, na ile iliyofunikwa huwazuia wenzake wote walio katika mstari wake. Fundi hana la kusema; anaushika mkeka kwa ncha, anauvuta hatua mbili, na namba inapanda. Baada ya muda si mrefu kuti limemfuata. Anayenunua paneli ya kubeba amenunua na kazi hii ya kuifukuzia jua kutwa, na kazi hiyo haikuandikwa katika bei.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe. Paneli ya kukunja ya wati 200, ikikunjuliwa, hukaa pahali pa mita moja ya mraba na ushei, nayo ina uzito wa kilo 7 hadi 10. Kwa jua la uniti 5 kwa siku ingetoa, kama hasara zisingalikuwapo, uniti moja. Lakini joto, vumbi, kivuli, waya na kuingia na kutoka kwa umeme betrini hula kama sehemu tatu katika kumi, tukabakiwa na sehemu saba za uniti. Hiki ndicho kipato cha siku nzima. Gari dogo la umeme hutumia uniti kama 15 kwa kilomita 100, basi kwa kipato hicho litakwenda kilomita nne na nusu. Pikipiki ya umeme hutumia uniti tatu na nusu hadi nne, nayo itakwenda kilomita 18 au 20. Baiskeli yenye mota, ambayo mwenyewe huisaidia kwa miguu, hutosheka na uniti moja tu kwa kilomita 100, nayo itakwenda kilomita 70. Jua ni lile lile, paneli ni ile ile, siku ni ile ile, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni mara kumi na tano.

Sababu si siri. Gari lina uzito wa kilo 1,500 na zaidi, na aghalabu hubeba mtu mmoja wa kilo 70. Umeme wake hutumika kuliendesha gari lenyewe, na abiria ni nyongeza tu. Lina kifua kipana kinachopambana na upepo, na kadiri mwendo unavyozidi mapambano hayo huzidi kwa haraka kuliko mwendo wenyewe. Pikipiki hata ikibeba abiria na gunia haifiki theluthi ya uzito wa gari hilo. Mtu asilaumu paneli kwa shibe ambayo chombo chake hakiwezi kuipata.

Tukirejea kwa wasafiri wa Stellenbosch, tutaona kwamba ushindi wao ulikuwa wa kweli na kwamba ulikuwa na gharama yake. Kilomita 6,000 kwa siku 17 ni kama 350 kwa siku. Kwa uniti nne kwa kilomita 100 ni uniti 14 za kila siku. Na kuzipata uniti 14 kwa jua letu pana haja ya paneli za kilowati 4 hivi, zikiwa wazi kutwa. Mzigo huo haufungiki nyuma ya pikipiki yoyote. Ndiyo maana safari ile ilikuwa na magari ya kusindikiza, na mwenye kuisimulia habari yake bila kuyataja magari hayo ameisimulia nusu. Hata hivyo hesabu hiyo hiyo tukiifanya kwa gari, kilomita 350 zataka uniti 52 na nusu kwa siku, nazo zataka kilowati 15 za paneli, yaani paneli 27 za zile kubwa za juu ya paa, zenye jumla ya mita za mraba 70 na uzito wa robo tatu za tani. Hapo hata magari ya kusindikiza yangehitaji kusindikizwa.

Waliotangulia waliyajua haya kwa jasho lao. William Cobb wa kampuni ya General Motors alipoonyesha Chicago, Agosti 1955, gari la kwanza linaloendeshwa na jua, lilikuwa kigari chenye urefu wa sentimita 38 tu, kisichoweza kumchukua mtu. Hans Tholstrup na Larry Perkins waliivuka Australia toka Perth hata Sydney mwishoni mwa 1982 na mwanzo wa 1983 kwa siku 20, wakitumia chombo chenye paneli za kama kilowati moja, mwendo wake wa wastani haukuzidi sana ule wa mwendesha baiskeli hodari. Na waliweza kwa sababu walikiunda chombo hicho kuwa chepesi tangu mwanzo, kwa ajili ya jua, wala hawakuchukua gari la kawaida wakalitwika paneli. Mswisi Louis Palmer, aliyeizunguka dunia mwaka 2007 na 2008 kwa gari lililokokota tela la paneli za sola, alikuta kwamba tela hutoa kama nusu ya mahitaji, na nusu nyingine aliichukua katika soketi za watu njiani huku paneli zilizowekwa kwao Uswisi zikiirudisha katika nyaya za huko. Mimi naona mpango wake ulikuwa wa insafu na wa akili kuliko safari nyingi zilizofuata, kwa maana alikubali mapema kwamba paneli iliyotulia juu ya paa hufanya kazi iliyo bora kuliko inayokokotwa, akaitumia kila moja mahali panapoifaa. Baadhi ya wale waliotaka kuliuza gari la abiria lenye paneli mwilini mwake hawakudumu: Lightyear ya Uholanzi ilianza kuliunda gari lake mwishoni mwa 2022, na Januari 2023 tawi lake la uundaji likafilisika.

Baada ya jua na njaa ya chombo kuna jambo jingine, ambalo ndilo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza, nalo ni lango la kuingilia umeme. Gari la umeme halipokei kila linachopewa. Kanuni ya kimataifa ya kuchaji magari kwa umeme wa kawaida imeweka kwamba kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuagizwa ni ampea 6, na ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Chini ya hapo gari halianzi kabisa. Mtu mwenye paneli mbili za wati 200, hata adhuhuri isiyo na wingu, hajafika hata theluthi ya kizingiti. Na akiwa na paneli za kilowati moja na nusu zinazopita kizingiti hicho kwa tabu, wingu moja likipita kipato huanguka, chaji hukatika, na magari mengine hukataa kuanza tena mpaka waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Sharti basi awe na betri ya katikati, inayopokea kidogo kidogo kutwa na kisha kuutoa umeme kwa mkupuo, na baina ya betri hiyo na gari iwepo inveta ya kuugeuza.

Hapo tena hukutana na mlinzi wa pili. Kifaa cha kuchajia gari huchunguza kwanza kama waya wa ardhini upo na umefungwa ipasavyo. Inveta nyingi za kubeba hazina uhusiano wowote na ardhi, na kifaa kikiona hivyo huwasha taa nyekundu kikakataa. Wapo wanaounganisha waya wa ardhini na waya usio na moto kwa kiungo cha kujitengenezea ili kukidanganya kifaa. Jambo hili laweza kufanywa kwa usalama na mtu anayejua inveta yake imejengwaje, na laweza kumuua asiyejua. Hivyo lifanywe na fundi umeme aliyesoma, na asiye na fundi huyo karibu naye aliache. Na mlango ukifunguka, bado gari lenyewe linatoza ushuru wake: likiwa linachajiwa huziamsha kompyuta zake, na pengine pampu ya kupoza betri, na vitu hivi vyaweza kula wati 200 hadi 300 kwa mfululizo, ambazo ni haba kwa anayechaji kwa kilowati 7, lakini kwa anayechaji kwa wati 1,400 ni karibu sehemu moja katika tano.

Pikipiki haina lango hilo. Betri ya pikipiki nyingi za umeme zilizoko Kigali, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni ya volti 72 au karibu yake, ina uniti mbili hadi tatu na kidogo, na huweza kuchomolewa kwa mkono. Paneli zikifungwa mfululizo hadi zikafika volti inayofaa, kidhibiti chaji kilichopangwa sawasawa kwa aina ya betri hiyo chaweza kuuingiza umeme wa jua moja kwa moja, bila inveta, bila betri ya katikati, na kikapokea wati 80 kwa shukrani ile ile kinavyopokea wati 800. Kila kituo kinachorukwa ni hasara iliyookolewa. Hata hivyo, kosa la kuchagua kidhibiti hapa si dogo: betri za lithiamu haziwezi kustahimili volti iliyozidi, na kidhibiti cha bei ya chini kilichotengenezwa kwa betri za asidi za nyumbani hakifai hata kwa majaribio.

Nimesema kwamba jibu hubadilika pia kwa saa za kazi, na hili ndilo ninalotaka kulikalia, kwa sababu ndilo linaloachwa nyuma na waandishi wengi. Mwendesha bodaboda huamka kabla ya alfajiri kuwapeleka wafanyakazi na wanafunzi, hupungukiwa abiria wakati wa jua la utosi, kisha huzidiwa nao tena kuanzia alasiri hadi usiku. Jua, kwa upande wake, hutoa sehemu kubwa ya fungu lake baina ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Ikiwa betri imo ndani ya pikipiki, na pikipiki imo barabarani, paneli iliyobaki kijiweni inamwangazia nani? Akisema aipumzishe pikipiki kwa muda wa saa sita za mchana ili ichajiwe, ameikata riziki yake nusu ili kuokoa gharama ya umeme. Anayebeba paneli pamoja naye yuko katika dhiki iyo hiyo, kwani paneli haiwezi kutandazwa wakati wa mwendo, na akisimama kuitandaza hana mwendo.

Dawa yake imekwisha kupatikana, nayo ni kuitenga betri na chombo. Betri moja iko barabarani, ya pili iko juani inajazwa. Mwendeshaji akirudi na iliyokwisha huiacha na kuichukua iliyojaa kwa dakika chache. Kampuni ya Ampersand ilianza kubadilishana betri namna hii Kigali mwaka 2019, ikitumia umeme wa gridi. Lakini mpango wenyewe hauulizi umeme umetoka wapi, na mahali pasipo gridi umefuatwa kwa jua. Katika mashamba ya Zimbabwe kampuni ya Mobility for Africa imewakodisha wanawake wakulima vyombo vya magurudumu matatu ambavyo betri zake hujazwa katika vituo vya sola vijijini na kubadilishwa huko. Kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, WeTu, ambayo kazi yake iliyojulikana kwanza ni kuwakodisha wavuvi wa dagaa taa zinazojazwa kwa jua, ina vituo vilivyokwisha kuizoea desturi hii ya mtu kuleta kilichokwisha na kuondoka na kilichojaa. Katika mipango hii yote paneli haisafiri. Kinachosafiri ni betri.

Hapa napenda kusema waziwazi maoni yangu: wepesi wa kubebeka, ambao ndio sifa inayotangazwa kwanza, ni sifa inayolipiwa ghali na isiyohitajiwa na wengi. Paneli ya kukunja hugharimu, kwa kila wati, zaidi ya paneli ngumu ya kioo; nguo na bawaba zake huchakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa; viungio vyake, vikikaa pwani, huliwa na chumvi; na paneli ambayo mwenyewe anaweza kuibeba, mwizi naye anaweza. Upepo nao ni mtu wa kuhesabiwa. Kusi ikivuma kwa mita 10 kwa sekunde, jambo la kawaida Zanzibar miezi ya Juni na Julai, husukuma kitu chenye mita mbili za mraba kwa nguvu ya uzito wa kilo 12 hivi, basi paneli isiyofungwa huondoka. Paneli ngumu ya wati 550 iliyopigiliwa juu ya paa haina mashaka haya, na watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 25.

Paneli ya kubeba inabaki na watu wake. Inamfaa mganga wa mifugo au afisa wa chanjo anayekwenda kwa pikipiki kambi kwa kambi katika nchi ya wafugaji, anayekaa pahali pamoja mchana kutwa na kuondoka kesho yake. Huyu, kwa paneli mbili za wati 200, atapata kilomita 35 au 40 kwa siku, na hakuna kituo cha mafuta kitakachompa hata hizo. Inamfaa mwenye baiskeli ya mota kwa ukamilifu. Mwenye gari aliyeishiwa umeme njiani haimfai kwa lolote la maana: paneli ya wati 400 na betri na inveta, kwa kungoja kutoka mawio hata machweo, itampatia chini ya kilomita 10, ilhali soketi ya kawaida ya nyumba ya kwanza iliyo kando ya njia itampatia kiasi hicho kabla saa moja haijaisha. Na gari linaloshinda limeegeshwa, la mwalimu ambaye huenda kilomita 15 na kurudi 15, halikukataliwa na jua hata kidogo. Uniti nne na nusu zinamtosha, nazo ni kazi ya paneli tatu za wati 550 juu ya kibanda cha kuegeshea, mradi ziwe zimefungwa pale pale gari linaposhinda.

Penye gridi hesabu ni nyingine. Kenya, mwaka 2023, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Na Tanzania, kwa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ina umeme wa maji kwa wingi usiopata kuwapo kabla. Mwenye pikipiki wa Nairobi anayechaji usiku kwa bei hiyo hana faida ya kununua paneli ya kubeba, na anayemshauri vinginevyo ana bidhaa ya kuuza. Faida ya jua iko pale ambapo nguzo zimekoma na petroli huuzwa katika chupa za maji kando ya njia, kwa bei inayopanda kwa kila kilomita inayoiacha lami. Huko ndiko pikipiki inayokula lita mbili na zaidi kwa kilomita 100 humla mwenyewe, na huko ndiko paneli huirejesha gharama yake kwa haraka kuliko mahali pengine popote.

Tuchukue kijiji kimoja cha namna hiyo, chenye kijiwe cha pikipiki kumi, kila moja ikienda kilomita 100 kwa siku. Kwa uniti tatu na nusu kila moja, kijiwe kizima chataka uniti 35; na kwa kuwa betri zinajazwa moja kwa moja na hasara zimepungua hadi robo, paneli za kilowati tisa na theluthi hivi zitatosha, yaani paneli 17 kubwa, zenye mita za mraba 44, ambazo zaenea juu ya paa la ghala la chama cha ushirika na bado mabati yakaonekana. Masika yatapunguza mavuno kwa majuma kadhaa, na kwa ajili ya majuma hayo ama paneli ziongezwe tano au sita, ama baadhi ya safari ziahirishwe, shauri ambalo wenye kijiwe ndio wanaopaswa kulikata kwa kuwa wao ndio wanaojua abiria wao wanapungua lini. Betri nazo zitakuwa zaidi ya kumi, labda kumi na nane, na hizo ndizo zitakazokula fedha nyingi kuliko paneli zote. Kikwazo kikubwa ninachokiona si jua wala paa: kila kiwanda kinaunda betri yenye umbo lake, viungio vyake, na lugha yake ya kuzungumza na pikipiki, hata betri ya mmoja haiingii katika chombo cha mwingine, na kijiji kinachoanza na kampuni moja hakina pa kukimbilia kampuni hiyo ikifunga milango. Hili ni jambo la mashirika ya viwango ya nchi zetu. Umbo la betri ya pikipiki lingekubaliwa kabla kila kijiwe hakijafungwa kwa mtengenezaji wake, paa lile la ushirika lingeweza kuanza kazi kiangazi kijacho.